Kasimiri wa Mpui, Lwitiko wa Izia

Mpui,
14 Januari 2024

Mdogo wangu Lydia,

Tumsifu Yesu Kristo. Huku hatujambo. Mvua haituachi, mahindi yamefika magotini, na Isdori yuko bondeni anapalilia.

Nakuandikia kwa sababu simu mmenikataza. Uliniambia kwamba siku ile nilipopiga, mtoto alisikia sauti yangu akazunguka nyumba nzima akinitafuta, akafungua hadi kabati, halafu akalia mpaka akatapika, na baba yake akasema simu za Mpui zikome mpaka azoee. Sawa. Barua haina sauti. Nimempa Adolfu mwenye gari la abiria la Noah, anapita hapa kila siku akienda Sumbawanga. Ukitaka kunijibu, mpe yeye pale stendi.

Mlipokuja kumchukua mliniambia nijifiche asinione, ili asisumbue njiani. Nikaenda kukaa jikoni kwa jirani. Lydia, nilimsikia. Mwanzo alikuwa anacheka kwa ajili ya gari. Mlango ulipofungwa akaniita kawaida tu, kama anavyoniita nikiwa uani. Halafu akaniita tena, na safari hii sauti haikuwa ile. Mimi nikatii, sikutoka.

Usinielewe vibaya. Mtoto ulimzaa wewe. Ulipokwenda chuo Dodoma, na mumeo akiwa kazini bandarini Kasanga, mkaniletea akiwa mchanga wa miezi minne, sikusema kwamba sasa ni wangu. Lakini amekua mgongoni kwangu. Leo ana miaka mitatu na kidogo, na hajui mgongo mwingine.

Halali mpaka aweke mkono shingoni mwa mtu. Uji wa ulezi anautaka vuguvugu, ukiwa wa moto anaususa hata ukipoa. Akitaka kujisaidia anasema kwa Kifipa, wewe utamwelewa. Na ukimwita Lwitiko anaweza asigeuke, maana huku tumemzoesha jina la marehemu baba. Mwite Kasimiri kwanza, hilo lingine litakuja polepole.

Niandikie amelalaje.

Dada yako,
Luciana


Izia, Sumbawanga,
25 Januari 2024

Dada Luciana,

Shikamoo. Barua yako imenifikia, ahsante. Msalimie sana shemeji Isdori.

Usiwe na wasiwasi. Lwitiko hajambo. Ameanza chekechea, ana sare ya kaptura ya bluu na viatu vyeusi, anapendeza ungemwona. Wiki ya kwanza ndiyo alisumbua, sasa ametulia kabisa. Halii tena. Wageni wanaokuja hapa wanashangaa mtoto mpole namna hii. Baba Lwitiko anasema watoto husahau upesi kuliko sisi wakubwa, na naona ni kweli.

Mwalimu wake anaitwa Cornelia, ni mwalimu mzuri. Ametushauri nyumbani tuongee Kiswahili na Kiingereza tu, kwamba Kifipa kitamchanganya kichwa na atachelewa darasani. Kwa hiyo mimi pia nimeacha kumsemesha Kifipa. Na tafadhali, dada, hilo jina la Kasimiri tuliache. Baba yake alilisikia akaudhika. Anasema mtoto alipewa jina kanisani mbele ya watu na lina maana kwao.

Anapenda sana kukaa nyuma ya kochi na lile sweta lake ulilomfumia. Tumemnunulia jipya lakini hilo hataki kulivua. Watoto bwana.

Kazi ofisini ni nyingi, naishia hapa.

Mdogo wako,
Lydia


Mpui,
11 Februari 2024

Lydia,

Nimesoma barua yako, kisha nikampa Isdori naye akaisoma.

Umeandika kwamba halii. Mtoto yule? Akinyang'anywa kikombe majirani wote wanajua. Akikuta kuku wake amechinjwa analia mpaka jioni. Unaniambia yuko nyumba ngeni, na watu aliokuwa akiwaona Krismasi na Pasaka tu, na halii, na wewe unaona ni jambo jema.

Halafu nimetafuta ndani ya barua yako neno hata moja alilolisema. Umeniandikia kaptura, viatu, jina la mwalimu. Yeye amesema nini? Huku alikuwa anaongea tangu anapofungua macho. Alikuwa anawasimulia mbuzi. Niandikie jambo moja tu ambalo mwanao amelisema tangu afike kwako.

Na huko nyuma ya kochi anafanya nini?

Mwisho wa mwezi ninakuja mjini na maharage. Sitafika kwenu, usihofu, nitauza nirudi.

Luciana


Sumbawanga,
26 Februari 2024

Kwako Shemeji Luciana,

Bwana asifiwe. Nakuandikia kwa heshima zote, kwa kuwa wewe ni dada mkubwa wa mke wangu na ulitusaidia wakati tulipokuwa na shida. Hilo sijalisahau.

Hata hivyo, Ijumaa iliyopita mwalimu mkuu wa chekechea alinipigia simu kwamba kuna mama amesimama nje ya uzio tangu mapumziko, ana kapu, na anamwita mtoto wangu kwa jina ambalo si lake. Nilijua ni wewe. Nilipofika ulikuwa umeshaondoka. Nakuomba jambo hilo lisijirudie.

Naona ni vema nikueleze hali ilivyo, maana nahisi mke wangu anakuficha ili asikuumize. Mtoto haongei. Tangu mwisho wa Januari hajatamka neno. Anajikojolea mchana, jambo ambalo watoto wenzake wameshaliacha. Ukimwita hageuki. Tulimpeleka kupimwa masikio, tukaambiwa ni mazima. Mwalimu anasema huenda akili yake haikukua inavyotakiwa, na mimi, samahani kwa kusema hivi, najiuliza alikuwa anafundishwa nini huko kwa miaka yote hiyo zaidi ya kuchunga mbuzi.

Nimeamua kwamba Pasaka atakwenda Tukuyu kwa mama yangu. Mama amelea watoto wanane na wote ni watu. Kule atapata malezi yenye nidhamu, na akichangamka tutamrudisha shule.

Naomba uupokee uamuzi huu kwa utulivu.

Shemeji yako,
Lutengano


Mpui,
3 Machi 2024

Lydia,

Mumeo ameniandikia. Kwa hiyo mtoto haongei, na wewe uliniandikia hajambo.

Ndiyo, nilikwenda pale kwenye uzio. Nilimwona ameketi peke yake kwenye ngazi za darasa, wenzake wanakimbizana. Nikamwita. Akainua macho akaniona. Nilidhani atakuja mbio, nikawa nimeshaliweka kapu chini. Akanitazama kama mtu anavyotazama ukuta, halafu akageuza uso. Polepole, Lydia. Hakukosea mtu. Alinijua, akanikataa.

Mmemfanya nini?

Sasa mnataka kumpeleka Tukuyu, kwa bibi ambaye hamjui, kwenye Kinyakyusa ambacho hajawahi kukisikia. Isdori amesema mtoto arudi hapa, na mimi nasema hivyo hivyo. Ukinyamaza safari hii, nitakwenda ustawi wa jamii, na sitajali tena nani ataona aibu.

Luciana


Izia,
12 Machi 2024

Dada yangu,

Shikamoo. Una haki ya kukasirika. Nitakuandikia yote, nami naandikia ofisini ili mtu asinisimamie.

Siku tuliyofika, alisimama mlangoni amevaa sweta, ameshika kitasa. Alisimama hapo mpaka akachoka akakaa chini, na alipokaa bado alishika mlango. Alikuwa anakusubiri. Kila honi ikilia barabarani anainuka. Alikuita wiki nzima. Nilimsemesha Kifipa akanijibu kidogo, akaniuliza utakuja saa ngapi, nikamwambia kesho. Nilimwambia kesho mara nyingi mno, dada. Halafu mwalimu akatuambia tuache Kifipa, nikaacha, na siku chache baadaye naye akaacha kila kitu. Kulia, kuita, kuongea, vyote kwa pamoja. Nilishukuru. Naona aibu kuandika hivyo, lakini nilishukuru kwamba nyumba imetulia.

Anatafuna mikono ya sweta mpaka imekatika nyuzi. Nikimbeba anakuwa mgumu kama kuni, hanisukumi, anangoja tu nimweke chini. Baba yake alimchapa siku moja kwa kujikojolea. Mtoto hakulia wala hakukimbia. Alisimama pale pale, na Baba Lwitiko akaiweka fimbo juu ya kabati mwenyewe, akatoka nje. Tangu hapo hamgusi kabisa, kwa ubaya wala kwa wema. Ninadhani anaogopa.

Wiki iliyopita nilimpeleka kwa daktari wa watoto, dokta Victoria, bila kumwambia mume wangu. Hakumpima sana. Alikaa naye sakafuni muda mrefu, akawa ananiuliza mimi maswali: amelelewa na nani, aliondokaje pale, aliagwa na nani. Nilipofika kwenye kuagwa nikakiri kwamba hakuagwa.

Akaniambia, "Mama, mtoto wako si mjinga wala si bubu. Miaka hii ya mwanzo ubongo unajengwa na yanayompata mtoto kila siku. Analia, mtu anakuja. Anasema neno, mtu anamjibu. Hapo ndipo anapojifunza kuongea, na kutulia, na kuamini watu. Huyu alikuwa na mtu wa kumjibu, na mtu huyo akatoweka mchana kweupe, na lugha yao ikaenda naye. Sasa kichwa chake kinafanya kazi moja tu ya kujilinda. Hakina nafasi ya ABC."

Nikamweleza kuhusu Tukuyu. Akatikisa kichwa. Akasema ukimhamisha tena kwa mtu wa tatu, utamfundisha kwamba kila mtu huondoka, na somo hilo akilishika sasa atazeeka nalo. Nikamuuliza kama tayari tumemharibu. Akasema ubongo wa umri huu unaumia upesi lakini pia unapona kuliko wetu, mradi apate watu wale wale, kila siku, na waliomwacha warudi.

Waliomwacha, ndivyo alivyosema. Anataka uje, dada. Uje ukae hapa kwetu, umrudishe kwanza kwako, halafu kidogo kidogo umsaidie aje kwangu. Najua ninakuomba kitu gani.

Baba Lwitiko hajui kama nakuomba. Mama yake anakuja wiki ya Pasaka.

Mdogo wako,
Lydia


Mpui,
17 Machi 2024

Lydia,

Nimekaa na barua yako kanisani, kwenye misa nzima, na sijui padre alihubiri nini.

Unajua nimezika watoto watatu, hakuna aliyefikisha mwaka. Ulipomleta Kasimiri, mama wa jirani aliniambia nisimpende sana, mtoto wa kuazima. Nikamjibu kwamba mtoto haleleki kwa kupimiwa. Sasa unaniambia nije kwako, nimpate tena, nimzoee tena, halafu nimsukume kwa mikono yangu hii hii aende kwako. Kama nia ni mtoto apone, si umrudishe Mpui? Huku yupo mtu wake, ipo lugha yake, wapo mbuzi wake. Muulize huyo daktari kwa nini anayetakiwa kuhama ni mimi.

Muulize, kisha uniandikie alivyojibu, usinifichie hata neno. Mimi sijakubali kitu.

Luciana


Izia,
21 Machi 2024

Dada,

Nilimuuliza, naye hakukwepa. Amesema ndiyo, akirudi Mpui ataongea, pengine ndani ya wiki. Amesema kama wazazi wake tungekuwa hatumtaki, angetushauri hivyo mara moja. Lakini tunamtaka, na tutakuja kumchukua tena akiwa na miaka sita au saba, na atakatwa mara ya pili. Anasema mtoto anaweza kuwa na watu wawili wa kukimbilia, hata watatu, haimwumizi. Kinachomwumiza ni kunyang'anywa. Mwisho akasema uamuzi wako hawezi kuufanya yeye, maana kinachoombwa kwako ni kikubwa, na hajui kama yeye mwenyewe angekiweza.

Sikufichi neno.

Mama mkwe amefika mapema, tangu jana. Ameshafungasha nguo za mtoto. Basi la Mbeya wanapanda Jumatatu asubuhi. Jana mezani nilimwambia Baba Lwitiko kwamba mtoto hatoki ndani ya nyumba hii. Sijawahi kumwambia hivyo mbele ya mama yake. Hajanijibu mpaka sasa, na sijui Jumatatu itakuwaje.

Adolfu ameahidi kukufikishia hii leo leo.

Lydia


Izia, Sumbawanga,
28 Aprili 2024

Mume wangu Isdori,

Tumsifu Yesu Kristo. Pole na upweke na kupika mwenyewe. Najua unangoja simu, lakini nyumba hii ina masikio na mimi nina mengi.

Siku ile ya Jumatatu nilikuta begi la mtoto liko barazani. Mama yake Lutengano, Bibi Rose, amejifunga kitenge cha safari. Lutengano yupo, anatazama saa. Lydia amekaa kizingitini, amepitisha miguu mlangoni kama mtu anayezuia kuku wasiingie. Na Kasimiri ameketi kwenye benchi na lile sweta, anatazama viatu vyake.

Sikumwita. Nilipiga magoti mbali kidogo, nikamwambia kwa Kifipa kwamba nimekuja. Hakuinua kichwa. Nikarudia. Akashuka kwenye benchi, akaja mpaka mbele yangu, akanipiga kofi la uso. Akanipiga tena, na tena, kwa mikono miwili, nami nikamwacha. Kisha sauti ikamtoka, nzito kama ya mtu mzima aliyeamka usingizini.

"Ulikuwa wapi?"

Aliniuliza hivyo kwa Kifipa, akiendelea kunipiga, mpaka akalia. Isdori, kile kilio kilikuwa cha tangu Januari. Alinikumbatia huku akinipiga.

Bibi Rose hajui Kifipa. Akamuuliza Lydia mtoto anasema nini, Lydia akamtafsiria. Bibi akamgeukia mwanawe. "Huyu ndiye mliyeniambia bubu?" Lutengano akaingia ndani, na alipotoka alikuwa ameosha uso. Bibi akachukua begi lake mwenyewe, la mtoto akaliacha pale pale barazani, akasema apelekwe stendi basi lisimwache. Mama yule si mtu mbaya. Alikuwa ameletewa kazi asiyoijua.

Tangu siku hiyo mtoto anaongea. Mwanzo ni na mimi tu, na hataki niende hata chooni. Daktari ameniambia nisimwachie Lydia ghafla, wala nisimfanyie kila kitu mimi. Niwe karibu, mikono yangu iwe na kazi nyingine, ili akitaka kitu akipate kwa Lydia huku ananiona. Kwa hiyo nachambua mchele ambao nimeuchambua jana. Nasuka ukili ambao sina haja nao. Lydia ndiye anayemlisha na kumwogesha, tena kwa Kifipa, na Lutengano amenyamaza. Juzi nilimkuta Lutengano jikoni akimuuliza Lydia namna ya kusema "njoo ule" kwa Kifipa. Aliponiona akajifanya anatafuta chumvi.

Jumanne ya tarehe 16 mtoto alianguka barazani, goti likachubuka. Akanitazama mimi. Nikabaki nimekaa, mikono nimeikalia. Lydia akaenda. Mtoto alisita, Isdori, akatutazama wote wawili kwa zamu, damu inamtiririka, kisha akamwacha Lydia ambebe, na hakuwa mgumu. Nikaenda bafuni nikafungua bomba ili wasinisikie.

Sasa hili ninalokuandikia ulichome baadaye. Ijumaa ya wiki hiyo hiyo Lydia na mumewe walikuwa kazini. Nilimvalisha, nikamchukua mpaka stendi. Noah ya Adolfu ilikuwa inapakia. Sikuwa nimepanga, au nilikuwa nimepanga, sijui. Nilikuwa namwona tayari yuko uani kwetu, anakimbiza mbuzi. Nilipomwinua nimwingize garini akashika fremu ya mlango kwa vidole vyote, mwili mzima ukakauka. Hakulia. Nilimtazama usoni nikamwona yule wa kwenye uzio. Alikuwa ameshaanza kuondoka, amekaa mikononi mwangu na anaondoka.

Kumbe ningemfanyia yale yale. Ningemfungia kwenye gari, Lydia arudi akute kitanda kitupu, naye mtoto amtafute Lydia kabatini.

Nikamshusha. Nikamwambia tulikuja kuangalia magari tu, sasa tunarudi nyumbani. Akaniuliza nyumbani kwa nani. Nikasema kwa mama Lydia. Akakubali kutembea.

Nitakaa mpaka mahindi yakauke. Usinisubiri na mtoto.

Mkeo,
Luciana


Izia,
7 Julai 2024

Dada yangu Luciana,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama na baridi haijakuzidi. Hapa upepo unavuma mpaka mabati yanalia.

Nikueleze siku uliyoondoka, maana gari lilipokata kona hukuona yaliyofuata. Ulifanya kama daktari alivyotaka, ulimwambia tangu siku ya kwanza ya wiki, ukamwambia tena asubuhi, ukamuaga getini mchana, akikuona. Kile kiatu alichokutupia nilikiokota baadaye mtaroni. Alikaa chini pale getini kwenye vumbi, akakataa nimguse. Nikakaa na mimi chini, na sketi yangu ya ofisini, watu wanapita wanasalimia. Alilia kwa sauti, akakutukana kidogo. Sikumwambia anyamaze, wala sikumwambia kesho. Nilimwambia umekwenda kuvuna, na tutakuja Mpui shule ikifungwa, na mimi mwenyewe nina huzuni. Jua lilipofika ukutani akasogea, akalaza kichwa kwenye paja langu. Baba Lwitiko alirudi kazini akatukuta hivyo hivyo. Akaegemeza pikipiki ukutani, akakaa nasi.

Sitakudanganya tena kwamba kila kitu ni kizuri. Bado anajikojolea siku akiona begi la mtu yeyote. Sweta amekubali nilifue, lakini anakaa chini ya kamba mpaka likauke. Darasani anaongea na mwenzake mmoja tu. Dokta Victoria anasema tumpe muda, na tusihesabu.

Kuna jambo Adolfu aliniambia zamani, kuhusu Ijumaa moja pale stendi. Sikukuuliza ulipokuwa hapa, na leo sikuulizi. Nilirudi kazini siku ile nikamkuta mwanangu anakula, wewe unachambua mchele. Hilo lilinitosha.

Jana Bibi Rose alikuja kututembelea, ameleta ndizi za Tukuyu mkungu mzima. Tulikuwa tumekaa barazani, mtoto yuko katikati yetu na ndizi mkononi. Bibi akamtania, kama wakubwa wanavyowatania watoto.

"Haya, bwana mdogo, mama yako ni nani?"

Akaacha kutafuna. Akamtazama bibi yake kama mtu aliyeulizwa nusu ya swali.

"Yupi?"

Hakuna aliyecheka. Bibi Rose akamtazama mwanawe, nami nilikuwa natazama sakafu, sikutaka kumwona Baba Lwitiko usoni. Nikasikia tu anasema, kwa sauti ya chini, "Mjibu bibi. Mwonyeshe wote wawili."

Akanyoosha ile ndizi kwangu. Halafu akainyoosha barabarani, upande wa Mpui, akasema yule mwingine anavuna ulezi. Kisha akaendelea kula.

Mdogo wako,
Lydia